Pesa za serikali na umaskini wetu Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa hapa Lubumbashi, mji wa migodi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: kwenye soko la mtaa wetu wa Kenya, ndani ya mabasi ya mtaa wa Katuba, na kwenye milango ya shule kila mwezi wa tisa. Tumeyajibu kwa kutazama sheria zilizopo na mambo yaliyokwisha kutokea hapa kwetu na kwa majirani. Jambo moja litajirudia katika karibu kila jibu: gharama ambayo serikali haikuilipa haifutiki. Inahamia kwenye nyumba ya mtu, na nyumba yenye kidogo ndiyo inayoumia zaidi.

Bajeti inapigiwa kura Kinshasa. Inanihusu nini mimi ninayeuza makala (mkaa) Katuba?

Inakuhusu tangu unapoamka. Bomba likiwa kavu, unanunua maji kwa bidoni (dumu) kwa jirani aliyechimba kisima. Mtoto akirudishwa nyumbani saa mbili asubuhi kwa sababu ya pesa ya shule, unavunja akiba uliyoweka ya kununulia gunia jingine la makala. Mkeo akijifungua na hospitali ikimzuia mpaka bili ilipwe, unakopa. Kila moja ya mambo hayo ni mstari katika bajeti: ama uliandikwa ukalipwa, ama uliandikwa usilipwe, ama haukuandikwa kabisa.

Mkazi wa Golf, mtaa wa wenye nacho, ana kisima chake, jenereta yake na shule ya kulipia. Huduma ya serikali ikifa, yeye anapunguza starehe. Wewe unapunguza bukari, yaani ugali.

Lakini Kongo ni nchi tajiri. Pesa zipo, sivyo?

Utajiri wa ardhini na pesa ya hazina ni vitu viwili. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na kwa shaba imo miongoni mwa nchi mbili au tatu za kwanza. Hata hivyo bajeti ya taifa ya mwaka 2025 ilipigiwa kura kwa karibu dola bilioni 18. Igawe kwa watu zaidi ya milioni 100: unapata chini ya dola 180 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima, na ndani ya hizo kuna jeshi, barabara, walimu, hospitali, mahakama, mishahara ya wabunge na kila kitu kingine. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, karibu watu watatu kati ya wanne nchini waliishi mwaka 2024 kwa chini ya dola 2.15 kwa siku.

Kwa hiyo kuna maswali mawili na tusiyachanganye. La kwanza: kwa nini kinachoingia ni kidogo kulingana na kinachochimbwa? La pili: hicho kidogo kinaenda wapi? Mtu akikujibu moja tu, bado hajakujibu.

Bajeti ikishapigiwa kura, si pesa imetoka?

Hapana, na hapa ndipo wengi hupotezwa. Kura ya bunge ni ruhusa ya kutumia. Baada yake wizara lazima iombe, matumizi yathibitishwe, amri ya malipo itolewe, ndipo hazina ilipe. Pesa inaweza kukwama katika kila hatua. Mishahara na matumizi ya taasisi za juu hupita mbele. Mradi wa kisima cha kijiji au kituo cha afya husubiri, na mwaka ukiisha kabla ya malipo, husubiri tena.

Vita vya mashariki vimeongeza uzito. Tangu Goma ianguke Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, serikali imepoteza ushuru wa forodha wa miji hiyo huku matumizi ya ulinzi yakipanda. Ndugu zetu wa Kivu ndio wanaobeba sehemu iliyo nzito kupita kiasi. Lakini hata mtu wa Kipushi, asiyesikia risasi, anaiona vita hiyo katika barabara ambayo haikutengenezwa.

Kwa hiyo ukisikia kiongozi anasema "tumetenga" kiasi fulani, muulize kilicholipwa.

Pesa ya redevansi ya migodi inagawanywaje?

Redevansi ni malipo ambayo mwenye mgodi anailipa serikali kwa madini anayouza. Hili tulieleze taratibu, kwa sababu ni pesa ambayo kisheria imekaribia kabisa mlango wetu.

Kanuni ya Migodi ya mwaka 2002 ilirekebishwa Machi 2018. Tangu hapo mwenye mgodi analipa redevansi ya asilimia 3.5 ya thamani ya shaba anayouza, na asilimia 10 kwa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kobalti ikiwemo. Pesa hiyo inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini (sehemu ya mji yenye utawala wake, kama Katuba), sekta au utawala wa kichifu ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo.

Chukua shaba ya dola milioni moja. Redevansi yake ni dola 35,000. Kinshasa inapata 17,500, jimbo 8,750, komini au utawala wa kichifu 5,250, na mfuko wa vizazi 3,500. Ikiwa ni kobalti ya thamani hiyohiyo, redevansi ni 100,000, na sehemu ya komini ni 15,000. Malori yanayopanga foleni kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hayabebi dola milioni moja kwa mwaka. Yanabeba mabilioni. Zipo tawala za kichifu za Haut-Katanga na Lualaba ambazo sasa zinapokea kwa mwaka pesa ambazo zamani hata jiji lisingeota kuzipata.

Juu ya redevansi, sheria hiyo ya 2018 inamtaka mwenye mgodi atenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zinazouzunguka mgodi, na asaini nao daftari la masharti: shule ngapi, visima vingapi, lini. Daftari hilo ni mkataba. Wanakijiji wengi hawajawahi kuliona, ingawa limesainiwa kwa jina lao.

Sasa ubaya wake. Mgao unafuata mahali mgodi ulipo, haufuati mahali maskini walipo. Ruashi ina mgodi ndani ya mipaka yake, inapokea. Katuba haina, haipokei, ingawa vumbi na malori havijui mpaka wa komini. Pia komini iliyozoea kuishi kwa ushuru wa soko ikipata ghafla mamia ya maelfu ya dola bila mhasibu, bila mpango wa maendeleo, bila baraza la kuidhibiti, ni rahisi pesa hizo ziishie kwenye magari na posho za vikao. Chini ya Katiba ya 2006, washauri wa komini walichaguliwa kwa mara ya kwanza Desemba 2023. Kabla ya hapo bulugumesta, yaani mkuu wa komini, alikuwa hana wa kumuuliza hapa chini, isipokuwa aliyemteua huko juu.

Mimi ninaona sheria ya mgao ni nzuri. Kilichokosekana ni macho ya watu juu yake.

Na ile asilimia 40 ya majimbo?

Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, nayo ikatwe palepale yanapokusanywa. Haijawahi kutekelezwa hivyo. Pesa zote hupanda Kinshasa kwanza, kisha sehemu hurudishwa, pungufu na kwa kuchelewa. Gavana anaahidi barabara akitegemea pesa ambayo hajui itakuja mwezi gani. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mawili yalibaki na shaba, na mawili mengine yakabaki yakitegemea zaidi mgao huo unaochelewa. Kifungu cha 181 kiliweka pia mfuko wa kusawazisha, asilimia 10 ya mapato ya taifa, uwasaidie walio nyuma. Mtu wa Kamina au Kalemie ana haki ya kuuliza umefika wapi.

Elimu ya bure imeharibu shule, au siyo?

Ni swali linalowagawa wazazi mpaka ndani ya nyumba moja, na pande zote mbili zina sababu.

Tuanze nyuma. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu, wazazi walibeba shule mabegani. Pesa ya motisha, yaani mchango wa wazazi kwa mwalimu, ilianza kama msaada wa muda. Ikadumu miaka karibu thelathini. Tena pesa hiyo haikuishia kwa mwalimu: sehemu ilipanda kwa ofisi za elimu, ngazi kwa ngazi, kwa sababu hizo nazo hazikuwa na bajeti. Mama wa Kamalondo anayeuza samaki mkavu alikuwa anaendesha wizara bila kujua. Na mwenye watoto sita alichagua: wawili wasome, wanne wasubiri. Mara nyingi waliosubiri walikuwa wasichana.

Kifungu cha 43 cha Katiba kilikuwa kimeshasema kwamba shule ya msingi ya umma ni bure. Septemba 2019 serikali ikaanza kukitekeleza. Watoto kwa mamilioni wakaingia darasani, wengine wakiwa na miaka kumi wakaanza mwaka wa kwanza. Huo ni ushindi wa kweli dhidi ya umaskini, na sitakubali mtu auite kosa.

Shida ilikuja kwa sababu wazazi waliacha kulipa siku moja, na serikali haikuanza kulipa yote siku hiyohiyo. Walimu wapya walifundisha miezi, hata miaka, bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo. Pesa za uendeshaji, yaani chaki, madaftari ya mahudhurio, ukarabati wa paa, zilichelewa. Mwalimu wa shule nzuri ya mjini Lubumbashi aliyekuwa anapata motisha kubwa kuliko mshahara alijikuta kipato kimeshuka, wakati yule wa kijijini kilipanda kidogo. Benchi la watoto watatu likakaliwa na watano, kitabu kimoja kikashikwa na mikono minne. Migomo ikafuata. Mwenye uwezo akampeleka mwanawe shule ya kulipia, na wanaobaki kwenye msongamano ni wana wa wasio na uwezo.

Malawi ilipita njia hiyo mwaka 1994: ilifuta ada, wanafunzi wakapanda kutoka karibu milioni 1.9 hadi karibu milioni 3 kwa mpigo mmoja, na madarasa yakazidiwa. Zambia, hapa ng'ambo ya mpaka, ilifuta ada mwaka 2022 hadi sekondari, lakini mwaka uleule ikaajiri walimu zaidi ya 30,000. Msongamano upo hata kule. Tofauti ni kwamba uamuzi ulikuja na mishahara yake.

Kwa hiyo jibu langu: elimu bure haijaharibu shule. Nusu ya bili ndiyo iliyoachwa mezani bila mwenyewe, na katika shule nyingi imeanza kurudi kwa mzazi kwa majina mapya, mara pesa ya usafi, mara ya mitihani, mara ya ulinzi.

Wazee husema enzi za Gécamines hapakuwa na umaskini. Ni kweli?

Ni kweli kwa nusu. Gécamines, kampuni ya taifa ya migodi iliyoirithi Union Minière ya Wabelgiji mwaka 1967, ilikuwa serikali ndani ya serikali. Mfanyakazi alipata nyumba, hospitali, shule ya watoto, na mposho: unga, samaki, mafuta, kwa hesabu ya vinywa vilivyomo nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka, na pesa yake ililisha pia hazina ya Mobutu. Mitambo haikufanyiwa matengenezo, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000.

Kilichofuata kila familia ya hapa inakijua. Mishahara haikulipwa kwa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004, kwa pesa ya Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mtu aliyetumika miaka thelathini alipewa fungu moja la pesa kisha akaaga. Pamoja na kazi aliacha hospitali, mposho, na mara nyingi shule ya wanawe. Hakuna ofisi ya umma iliyokuwa tayari kupokea mzigo huo. Wababa waliokuwa mafundi wa mitambo wakaanza kulima mihogo kando ya reli, mama wakaingia sokoni, na vijana wakashuka kwenye mashimo ya machimbo ya mikono.

Mpango ule ulihesabu mishahara itakayookolewa. Haukuhesabu zahanati na shule zilizokuwa zimening'inia kwenye mishahara hiyo. Nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi bado hazijapona, na ni haki kulisema wazi.

Nusu isiyo kweli: aliyekuwa nje ya kampuni, mkulima wa Kasenga au Mitwaba, hakuonja mposho huo hata siku moja.

Kwa nini bei ya unga inapanda hivi, na serikali ifanye nini?

Kwa sababu Haut-Katanga hailimi mahindi ya kujitosheleza. Tunakula ya Zambia. Ukame ukipiga kule, kama mwaka 2024, au serikali yao ikizuia mahindi kuvuka, bei inaruka hapa ndani ya siku chache, na dola ikipanda dhidi ya faranga inaruka tena. Familia maskini hutumia sehemu kubwa ya pato lake kwa chakula, kwa hiyo unga ukipanda ni sawa na kupunguziwa mshahara.

Kupunguza ushuru mpakani husaidia wiki hiyo. Kuleta mahindi ya Huduma ya Taifa, shirika la serikali linalolimisha vijana, kutoka Kaniama-Kasese husaidia yakifika, na kufika ni suala la reli na barabara. Miaka ya 2000 ikielekea mwisho, serikali ya Katanga iliwataka wenye migodi walime, hekta 500 kila mmoja. Baadhi walilima kweli, lakini mgodi si mkulima, na agizo lilipolegea mashamba yakarudi porini. Pesa inayodumu ni ile ya barabara za vijijini, mbegu na mbolea zinazofika kabla ya mvua ya Novemba, na maghala. Haipigwi picha vizuri na matunda yake huja baada ya misimu kadhaa. Labda ndiyo maana hukatwa mapema.

Na hospitali?

Mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kwa Kongo, familia zenyewe bado zinalipia matibabu kuliko serikali inavyolipia. Uzazi wa bure ulianzia Kinshasa Septemba 2023, kisha ukaanza kupanuliwa. Pale unapofanya kazi, ni miongoni mwa matumizi bora kabisa ya pesa ya umma, maana bili moja ya upasuaji wa uzazi inatosha kumaliza mtaji wote wa mama wa sokoni. Lakini hospitali inayomhudumia mama bure inapaswa kurudishiwa gharama. Isiporudishiwa, dawa zinaisha, na jamaa wanatumwa kuzinunua nje.

Sisi maskini hatulipi kodi, basi tuna haki gani ya kudai?

Mnalipa. Mama wa soko la Kenya analipa ushuru wa meza kila siku, hata siku asiyouza nyanya moja. Kodi ya mauzo imo ndani ya sabuni na mafuta anayonunua. Dereva wa basi analipa ushuru wa barabara, anauweka kwenye nauli. Kulinganisha na kipato, anayeuza kwa faranga elfu chache anaweza kubebeshwa zaidi kuliko anayesafirisha kwa kontena. Dai risiti. Pesa isiyo na risiti haijawahi kujenga choo cha soko.

Kwa nini nyaya za umeme zinapita juu ya vijiji visivyo na umeme?

Kwa sababu ndivyo ilivyoamuliwa. Laini kutoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupeleka umeme migodini. Ilikula mkopo mkubwa wa nje, na mzigo wa madeni ya aina hiyo ulibebwa na nchi nzima mpaka mwaka 2010, ambapo karibu dola bilioni 12 za deni zilifutwa. Vijiji vilivyo chini ya nyaya hizo vililipa bila kuwasha taa. Na Lubumbashi tunakata miti ya miombo kupikia.

Kuwapa maskini pesa mkononi si kuwafundisha uvivu?

Brazil ilianza mwaka 2003 kulipa familia maskini fedha kidogo kila mwezi kwa sharti watoto wasome na wachanjwe. Gharama ilikuwa karibu nusu ya asilimia moja ya pato la taifa, na umaskini ukapungua bila watu kuacha kazi. Ethiopia tangu 2005 huwalipa mamilioni ya wakulima kwa kazi za umma katika miezi ya njaa. Lakini panahitajika orodha ya kweli ya wahitaji na njia ya malipo isiyopita mikononi mwa watu. Simu zipo, orodha hatuna. Tena pesa mkononi bila zahanati ya kuiendea haitibu mtoto.

Yote haya si rushwa tu?

Rushwa ipo na inaua. Ila ukiifuta leo, bado Katiba itasema asilimia 40 na itafika pungufu, bado redevansi itaikosa Katuba, na bado dola 180 kwa mtu hazitatosha kila kitu. Rushwa tuipige vita pamoja na kuuliza uamuzi wenyewe: nani aliamua, nani atanufaika, nani atalipa.

Mimi mkazi wa kawaida naweza kudai nini?

Komini yako ina bajeti yake, na washauri wana wajibu wa kuijadili hadharani. Nenda na majirani watatu au wanne, si peke yako, mwombe mshauri wa kartiye (mtaa) yako akuonyeshe kilichopokelewa na kilicholipwa mwaka uliopita. Kama mgodi uko karibu nanyi, ombeni daftari la masharti na mkague kisima kimoja kimoja: kimechimbwa, kinatoa maji, ufunguo uko kwa nani. Shuleni, kamati ya wazazi ina haki ya kujua pesa za uendeshaji zilizoingia. Kongo pia imo katika mpango wa kimataifa wa uwazi wa migodi, na ripoti zake huonyesha kampuni imelipa kiasi gani na kwa nani. Linganisheni namba hiyo na ile ya komini. Zikitofautiana, andikeni barua, mbaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi, maana bila muhuri huo mtaambiwa hamkuwahi kufika.